Kupunguza spidi ya foklifti ghalani: boliti, gia, kidhibiti mwendo au betri?

Miezi ya karibuni watu watatu wameniuliza swali moja, na wote wana maghala hapa Tanga. Wa kwanza anatunza katani, wa pili saruji na chokaa, wa tatu anapokea mchanganyiko wa kila kitu kinachoshuka bandarini. Swali lenyewe: "Hawa madereva wa foklifti wanakimbia mno. Nifunge kitu gani?"

Kila mmoja alitaka nimtajie kifaa aende akanunue. Nikashindwa, kwa sababu kinachomfaa wa katani kitamkera wa saruji, na kinachomfaa wa bandarini ni hela ya kutupa kwa hao wawili. Basi nimeona nivipange vyote hapa na niseme wazi ningechagua kipi nikiwa nafasi ya nani. Mimi ni msimamizi wa ghala, siuzi kifaa chochote kati ya hivi, na baadhi nimevijaribu nikajuta.

Kabla ya kununua: spidi ngapi?

Foklifti ya dizeli ya tani 3 ikiachiwa hufika kilomita 18 hadi 20 kwa saa. Mtu anayepanda bodaboda kila siku kutoka Kange kuja mjini atacheka: 18 nayo ni spidi? Lakini bodaboda haina uzito wa tani nne na ushee ikiwa tupu. Foklifti haina springi, na nyingi tairi zake ni ngumu, hazina upepo. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo dereva akizungusha usukani mkia ndio unaofagia pembeni, na anayepigwa ni yule aliyesimama akidhani imeshampita. Breki nazo, kwa nyingi za aina hii, ziko kwenye magurudumu ya mbele peke yake.

Chukua kalamu. Dereva makini humchukua kama sekunde moja kumwona mtu, kushituka na kukanyaga breki, na muda huo wote mashine inakwenda. Kisha weka breki za wastani, zile zinazopunguza kilomita 7 hivi kwa saa katika kila sekunde. Za ghafla usiziweke kwenye hesabu, maana ukizikanyaga mzigo unateleza kwenye meno, ile mikono miwili ya mbele inayoubeba, na kutangulia mbele. Inakuja hivi:

| Spidi (km kwa saa) | Mita kabla breki haijashika | Mita zote hadi kusimama |
|---|---|---|
| 5 (mtu akitembea) | 1.4 | 1.9 |
| 8 | 2.2 | 3.5 |
| 12 | 3.3 | 6.1 |
| 18 | 5.0 | 11.3 |

Kutoka 8 hadi 18, spidi imepanda mara mbili na robo, lakini umbali wa kusimama umepita mara tatu. Sehemu ya breki peke yake imepanda mara tano, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa spidi. Hayo ni kwa sakafu kavu. Kipindi cha masika, lori linapoingia na maji kwenye turubai na sakafu ya saruji imeshasuguliwa miaka ikawa kama kioo, ongeza mwenyewe. Kwenye ghala la katani ongeza tena, maana nyuzi zilizodondoka zikitandazwa na tairi zinateleza kama majani makavu.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza wenzako wameweka ngapi. Chukua tepu. Simama pale dereva anapokaa, tazama upenyo kati ya safu mbili za marobota unaofungukia njia kuu, halafu mwambie mtu atembee atokee. Pima umbali ulipomwona. Kwetu ilikuwa mita 4. Ukirudi kwenye jedwali utaona 8 inaingia kwa shida na 12 haiingii kabisa. Ndipo ikapatikana namba yetu ya ndani: 8 kwenye njia kuu, na mwendo wa mtu kwa miguu kwenye penyo na kona zote.

Anayedhani sheria itampa namba asubiri sana. Hata kanuni za Marekani kuhusu mashine hizi hazitaji spidi fulani. Zinataka dereva aende mwendo utakaomwezesha kusimama salama, apunguze na kupiga honi kwenye njia panda, na akae nyuma ya mwenzake kwa umbali wa foklifti tatu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Namba utaitafuta mwenyewe kwa tepu.

Kona nazo zina hesabu yake. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 3, ukipita na spidi 10 foklifti inasukumwa ubavuni kwa nguvu inayozidi kidogo robo ya uzito wake. Ukipita na 6 inashuka chini ya sehemu moja ya kumi. Na hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawaliamini mpaka walione: foklifti tupu inapinduka kona kwa urahisi kuliko iliyobeba mzigo chini. Ekseli ya nyuma imeshikwa kwa pini moja katikati, kwa hiyo mashine inasimama kama juu ya pembetatu, na ikiwa tupu uzito wote umerudi nyuma kwenye ncha nyembamba ya pembetatu hiyo. Sasa mtazame dereva: akibeba anakwenda taratibu, akishatua mzigo anarudi mbio.

Vya bei ndogo: kibao, rangi, matuta

Kibao na mistari ya rangi ni lazima, lakini peke yake ni mapambo. Ghala moja nililofanyia kazi zamani lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu kubwa, *haraka haraka haina baraka*, na chini ya maandishi hayohayo palikuwa na alama nyeusi za tairi. Kibao kinamkumbusha aliyekubali. Ambaye hajakubali hakimfanyi kitu.

Kioo cha mbinuko kwenye kona ya penyo nakipa alama za juu kuliko kibao, kwa kuwa kinaongeza zile mita za kuonana. Ukitoka mita 4 hadi 7, umepata usalama bila kugusa mashine. Kifutwe tu. Vumbi la chokaa likikaa wiki mbili kinabaki kuwa sahani.

Matuta, hapana. Najua yanavutia, barabara zetu zimejaa matuta na tumezoea kuona dawa ya spidi ni tuta. Ila foklifti haina springi, kwa hiyo mshtuko wote wa tuta unapanda moja kwa moja kwenye mlingoti, ile nguzo ya mbele inayopandisha meno, na kwenye mzigo. Tuliweka tuta la mpira mbele ya mlango wa ndani. Wiki haikuisha, paleti ya madumu ya mafuta ya kula ikaruka, madumu matatu ya juu yakapasuka, na kwa siku mbili tulikuwa na sakafu ambayo hata paka aliitembea kwa uangalifu. Tuta liweke getini kwa ajili ya malori, likome hapohapo.

Boliti chini ya pedeli

Hiki ndicho kifaa ambacho fundi yeyote wa mtaani atakufungia leo hii kabla ya adhuhuri. Anachomelea kipande cha chuma sakafuni mwa foklifti, anapitisha boliti ndefu na nati ya kukazia, na pedeli ya mafuta ikishuka nusu inagota. Mashine haiwezi tena kupandisha injini, kwa hiyo haiendi mbio. Gharama yake ni boliti na soda ya fundi.

Nilikifunga, nikakipenda kwa siku nzima.

Siku ya pili nikamkuta dereva wetu wa siku nyingi, mtu mzima ambaye sijawahi kumwonya kwa spidi, ameshuka anachungulia chini ya usukani. "Msimamizi, shikamoo yangu nakupa, lakini hii mashine umeiua," akaniambia. Nikapanda pembeni nikatazama. Alikuwa na marobota manne mbele, tani moja kamili maana robota la katani ni kilo 250. Amesimama ubavuni mwa lori anataka kuyapandisha kitandani. Akavuta leva. Marobota yakaanza kupanda kama ndoo inayovutwa kisimani na mtoto. Akakanyaga pedeli, ikagota, injini ikabaki palepale inanguruma kwa huzuni. Nikapima kwa simu: kupandisha kulichukua karibu mara mbili ya muda wa jana yake.

Sababu yake iko wazi ukishaifikiria. Kwenye foklifti ya dizeli, injini ileile inayozungusha magurudumu ndiyo inayozungusha pampu ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta ya kunyanyulia mzigo. Dereva akitaka kunyanyua haraka anakanyaga ile pedeli ndogo ya kuachanisha gia na huku anapandisha injini. Ukizuia pedeli ya mafuta umezuia vyote viwili: mwendo, uliotaka kuupunguza, na kunyanyua, ambako hakukuwa na kosa lolote. Tena mashine inakosa nguvu kwenye rampu ikiwa na mzigo.

Kilichofuata mtu yeyote angeweza kukitabiri. Spana namba 17 ikahamia mfukoni mwa dereva. Asubuhi nikipita boliti iko, saa nne haipo, jioni imerudi. Wala sikuweza kumlaumu sana, kwa sababu nilikuwa nimempa chombo kibovu nikataka kazi ileile.

Boliti inafaa sehemu moja tu: mashine inayosukuma au kuvuta na kunyanyua mara chache, mathalani trekta dogo la kukokota matela uani. Kwa foklifti ya kupakia malori, usijisumbue.

Kufunga gia ya pili

Hii watu wengi hawaijui, na fundi hatakutajia kwa kuwa haina cha kukuuzia. Baadhi ya foklifti za dizeli za tani 2.5 hadi 3.5 zina gia mbili za kwenda mbele. Ya kwanza ni ya kazi, ya pili ni ya masafa. Ukizuia leva isiingie ya pili, kwa kizuizi cha chuma au kwa kuchomoa waya unaoamuru ile valvu ya gia ya pili, spidi ya juu inashuka kwa karibu nusu. Injini inabaki huru kupanda, kwa hiyo kunyanyua kunabaki vilevile. Rampu inapandwa vizuri zaidi ya mwanzo.

Ukiilinganisha na boliti, hii inashinda karibu kila kitu. Udhaifu wake ni mitatu. Huwezi kuchagua namba, unapewa ile iliyoko kwenye gia. Mashine yako ikiwa inatoka ghalani kwenda gatini au uwanja wa mbali, itakuwa inapiga kelele njia nzima na kunywa dizeli. Na si kila mashine ina gia mbili, kwa hiyo fungua kitabu chake kwanza. Kama kitabu kimepotea, mwombe dereva aendeshe uani usikilize kama kuna mahali injini inashusha sauti na mwendo unaongezeka.

Kama una foklifti ya zamani, huna hela mwezi huu na kazi yako yote iko ndani ya kuta, anza na hii. Siku yoyote utakapopata kitu kizuri zaidi, unaifungua hujapoteza kitu.

Kidhibiti mwendo cha umeme

Ni ndugu wa kile kinachofungwa kwenye mabasi, ila cha foklifti kimefikiria ule mkanganyo wa pampu. Kuna kihisi kinachosoma mzunguko wa gurudumu au shafti inayotoka kwenye gia boksi, na kisanduku kinacholinganisha spidi hiyo na namba uliyoweka. Ukiikaribia namba, kisanduku kinapunguza mafuta. Foklifti ikiwa imesimama kinajitoa kabisa, dereva anapandisha injini anavyotaka na marobota yanapaa.

Uliza pedeli yako ni ya aina gani kabla ya kuagiza. Mashine za zamani zina waya wa chuma kutoka kwenye pedeli hadi kwenye pampu ya dizeli, na hizo zinahitaji kifaa chenye mota ndogo inayoushika waya. Mashine mpya pedeli inatuma umeme tu, na kisanduku kinakaa katikati ya pedeli na kompyuta ya injini. Ukileta kisanduku cha aina ya pili kwenye mashine ya aina ya kwanza umeleta pambo la kabatini.

Ndani ya kundi hili kuna vya namba moja na vya namba mbili. Ongeza hela uchukue cha namba mbili. Mashine zetu hazikai ndani tu: zinatoka uani, zinafuata lori, zinarudi. Namba mbili maana yake 8 ndani na 14 nje, kwa mfano. Swali ni nani anabadilisha. Kama ni swichi mbele ya dereva, basi umenunua kibao cha bei ghali. Vipo vinavyobadilika vyenyewe kwa kihisi kinachotazama juu: kikiona paa karibu kinajua kiko ndani, kikiona mbingu kinaachia. Hicho ndicho ningekipendekeza kwa ghala lenye mlango mmoja mkubwa na uwanja mbele. Tena hakitegemei setilaiti, ambazo chini ya paa la mabati zinapotea njia.

Hayo ndiyo mazuri yake. Mabaya yake hayaandikwi kwenye karatasi ya muuzaji.

La kwanza, kifaa kinachopunguza mafuta hakikanyagi breki. Kwenye rampu ya kushuka, uzito wenyewe unaisukuma foklifti na namba yako inapitwa huku kisanduku kikitazama. Rampu ina kanuni zake: mteremko ukizidi asilimia 10, foklifti yenye mzigo iendeshwe mzigo ukiwa upande wa juu, maana yake inashuka kinyumenyume. Hakuna kifaa kitakachomfanyia dereva hilo.

La pili ni hewa yetu. Tanga tunakaa na chumvi. Kihisi kilichofungwa chini karibu na gurudumu, na soketi ya waya isiyozibwa vizuri, kijani cha kutu kinaingia mapema. Kwenye ghala la katani kuna la ziada: nyuzi zinajizungusha kwenye shafti na kwenye kitovu cha gurudumu kama uzi kwenye kibiringo, na siku moja zinaubeba waya wa kihisi. Mwambie fundi aupitishe waya juu, ndani ya bomba, na kijana wa zamu akate nyuzi kwa kisu kila asubuhi mashine ikiwa imezimwa. Zikatwe hata kama hukufunga kifaa, kwani nyuzi kavu zikikaa karibu na ekzosi moto ni habari nyingine, na kila aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge anajua katani ikishika moto inavyowaka.

La tatu: muulize muuzaji kihisi kikikatika mashine inafanyaje. Vingine vikikosa ishara vinaachia spidi yote. Vingine vinaibana mashine itambae hadi itengenezwe. Chukua cha pili, hata kama foromani atapiga kelele siku ya kwanza. Kinachoachia kinawafundisha madereva kukata waya.

Foklifti ya betri: kifaa unacho tayari

Kama mashine yako ni ya betri na umri wake si mkubwa, usinunue kitu. Spidi ya juu imo kwenye kompyuta yake, inabadilishwa kwa tarakimu kupitia kioo chake au kile kifaa cha mkononi cha fundi wa kampuni iliyoiuza. Haidroliki ina mota yake, kwa hiyo ukipunguza mwendo kunyanyua hakuguswi. Nyingi zinajipunguza zenyewe mlingoti ukiwa juu, na nyingine zikihisi usukani umekatwa. Ukiachia pedeli, mota inageuka kuwa breki na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Hata kwenye rampu ya kushuka inashika, kitu ambacho dizeli yenye kisanduku haiwezi.

Ukizitazama mashine tu, betri imeshinda mchezo. Lakini hakuna anayenunua foklifti mpya kwa ajili ya spidi peke yake. Betri za asidi zinataka usiku mzima wa chaji, maji maalumu ya betri, na chumba chenye hewa kwa kuwa zikichajiwa zinatoa gesi inayoweza kulipuka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi una tani kadhaa za chuma kisichotembea na foleni ya malori nje. Na zile za tairi ndogo ngumu hazipendi uwanja wa kokoto. Ukiwa na ghala la sakafu safi na kazi ya ndani tupu, fikiria. Vinginevyo iache hesabu hiyo kwa siku ambayo dizeli yako itakufa yenyewe.

Ila nimeona ghala hapa mjini lenye foklifti mbili za betri, tajiri analalamikia spidi, na hakuna aliyewahi kumwambia fundi aweke namba. Zimekuja na mipangilio ya kiwandani, zikaachwa hivyohivyo. Simu moja tu.

Mifumo ya kanda

Kuna vifaa vinavyobandikwa kwenye nguzo na milango, mashine ikiingia kanda fulani inajipunguza, na vingine mtu anavaa kadi kifuani, foklifti ikimkaribia inalia na kushuka spidi. Vinafanya kazi. Shida ni kwamba makuli wetu ni vibarua wa siku, leo hawa kesho wale, tingo wa lori anashuka bila kadi, na muuza kahawa anaingia na birika lake anajulikana na kila mtu. Mfumo unaomlinda mwenye kadi tu, mahali ambapo nusu ya watu hawana kadi, unampa dereva imani ya uongo. Kwanza uwe na geti linalojua nani yuko ndani, ndipo uufikirie.

Vile vifaa vya kurekodi mwendo na kukutumia ripoti kwenye simu siviweki hapa kabisa. Vinakuambia jana kulikuwa na mbio. Hilo nalijua.

Dakika 14

Matajiri wote watatu walikuwa na hofu moja wasiyoitaja mpaka mwisho: tukipunguza spidi, malori yatachelewa. Tufanye hesabu kwa semi ya tani 28, marobota 112, safari 28 za marobota manne manne. Kutoka kwenye safu hadi lori mita 60. Kwa spidi 18 mfululizo ni sekunde 12, kwa spidi 8 ni sekunde 27. Tofauti ni sekunde 15 kwenda na 15 kurudi, nusu dakika kwa safari, dakika 14 kwa lori zima. Na hapo nimempendelea anayekimbia, kwani katika mita 60 hakuna foklifti inayokuwa kwenye 18 mwanzo hadi mwisho.

Dakika 14. Semi hiyohiyo imesubiri karatasi tangu asubuhi, na ikimaliza kupakia itachukua muda mrefu kuliko huo kufunga turubai.

Kwa nini basi wanakimbia? Tazama mnavyowalipa. Dereva na kundi lake wakilipwa kwa lori, zile dakika 14 ni zao, si zako, na kila kifaa utakachofunga wataona umewaingiza mkono mfukoni. Hapo kwetu tulibadilisha malipo ya dereva wa foklifti yakawa ya zamu, makuli wakabaki na ya lori. Makuli hawakufurahi, wakaanza kumhimiza kwa makelele, "Baba, kanyaga!", na ilibidi foromani asimame kati kwa wiki kadhaa. Wasiowahi kukaa kwenye kiti kile hawajui makelele yale yana nguvu kiasi gani.

Ningewachagulia nini hawa watatu

Wa katani ana dizeli mbili za zamani, za gia mbili, kazi yote ndani na rampu moja fupi. Nimemwambia afunge gia ya pili wiki hii, aweke vioo vinne, na malipo ya dereva yawe ya zamu. Kidhibiti akinunue mwakani akiona bado kuna haja. Naamini hataiona.

Wa saruji na chokaa ana mashine mpya kidogo yenye pedeli ya umeme, inayotoka ndani hadi uwanjani mara nyingi kwa siku. Gia iliyofungwa itamtesa uwanjani. Achukue kidhibiti cha namba mbili kinachotazama paa, afute kihisi kila siku kwa sababu vumbi lake ni baya, na aombe bei ya kifaa pamoja na bei ya kihisi cha akiba, palepale, kwa maandishi.

Wa bandarini ana mashine tano tofauti, mbili za betri. Za betri apige ile simu. Za dizeli aanze na ile moja inayoingia ndani kwenye watu wengi, zile za uwanjani zisubiri. Na huyu ndiye pekee ambaye, akishapata geti lenye utaratibu, ningemruhusu aongee na wauzaji wa mifumo ya kanda.

Siku fundi akija kufunga, chochote kile, usimlipe kabla ya mambo mawili. Chora mistari miwili ya chaki mita 20 mbali, dereva aipite akiwa ameshachanganya mwendo, upime kwa simu: sekunde 9 ndiyo spidi 8. Ikiwa 6, umeuziwa 12. Halafu beba mzigo wa kawaida, nyanyua hadi usawa wa kitanda cha lori, na ulinganishe na muda uliouandika jana yake kabla ya kufungwa. Ukikuta kunyanyua kumepungua, arudi chini ya mashine.

Mwisho kuna suala la ufunguo, au tarakimu ya siri, ya kubadilishia spidi uliyoweka kwenye kifaa. Usimpe dereva, bila shaka. Lakini na foromani usimpe, maana siku malori sita yamepanga foleni barabarani yeye ndiye wa kwanza kushawishika. Wetu anao dada wa hesabu, kwenye droo moja na kitabu cha hundi. Mwezi uliopita nilikwenda kuuomba mwenyewe, nina haraka na meli iko gatini. Akaniuliza nimekuja na barua ya nani.